Bei ya Kuchungulia

Mimi huosha bomba.
Si kazi ya kutajwa kwenye sherehe:
brashi ndefu, sabuni, dakika ishirini ndani ya dawa,
maji, hewa, maji tena,
kisha nalitundika kabatini lining'inie
kama nyoka aliyetubu.

Mwezi wa tatu alikuja Otundo, mtu wa hesabu,
na kompyuta, na chai yake mwenyewe kwenye chupa.
Aliniuliza brashi ni shilingi ngapi,
glavu ni jozi ngapi kwa siku,
saa yangu moja hospitali huinunua kwa ngapi.
Nikamwambia. Akaandika.
Halafu akanigeuzia kioo nione jibu:
tukiwachungulia watu mia nne wasiolalamika chochote
tutampata mmoja
ambaye saratani yake bado ni punje ya mtama,
ya kukwanguliwa asubuhi, mtu akalala kwake jioni.
"Mmoja," alisema. "Si ghali sana. Si rahisi pia.
Inategemea mwaka mmoja wa mtu mnaununua kwa ngapi."

Akangoja, kana kwamba mimi ndiye muuzaji.

Nikamkumbuka Musembi wa Kamukunji,
mfua masanduku ya wanafunzi,
aliyelala hapa kwa ubavu wa kushoto,
mate yakimchuruzika kwenye taulo, jicho lake kwangu.
Miaka tisa alitafuna tembe za magnesiamu kama njugu,
akisema ni asidi, ni maharagwe, ni Nairobi.
Alipotajiwa bei hakushtuka. Aliipima kwa bati:
"Masanduku manne. Matano, ukiweka rangi."
Tena nauli, tena siku nzima bila nyundo,
tena usiku wa kulala njaa. Huo aliucheka:
"Huo sitawadai. Nimeuzoea."

Hakuwa na saratani.
Alikuwa na ukuta wa tumbo
ulioanza kusahau kuwa ni tumbo,
hapa na pale ukijifanya utumbo.
Daktari akasema, rudi baada ya miaka mitatu.
Miaka mitatu! Kamukunji,
ambako deni la wiki mbili ni historia.

Tarehe ikapita.
Nilimwona kwenye jedwali la Otundo,
mstari wa mia moja na kumi na saba, bila jina,
sifuri upande wa kulia. Nilimjua kwa umri na kwa siku.
"Hawa wasiorudi," alisema, "ndio huharibu hesabu."
Nikasema, labda hesabu ndiyo huwaharibu wao.
Hilo hakuliandika.

Jumamosi nikashuka Kamukunji. Binti yangu
anaingia shule ya bweni.
Mahali pale utapasikia kabla hujapaona,
nyundo mia mbili zikibishana na bati.
Alikuwepo. Amekonda, au ni jua tu, sikuweza kujua.
Alinitambua kwa macho;
uso wangu mwingine hakuwahi kuuona.
Kabla sijauliza kitu
akainua kifuniko cha sanduku lake la vifaa:
ndani, kwa ncha ya msumari, tarehe,
ile ile, imechimbwa kuliko ilivyohitaji,
na chini yake vistari vitatu.

"Sijasahau, sista. Nilianza kuchelewa mwezi wa nne,
mvua, halafu mtoto wa dada.
Pesa ya masanduku matatu iko kwenye simu.
La nne ndilo hilo umelishika."

Lilikuwa la buluu. Bawaba zimekaa sawa,
kufuli lilifungika kwa mlio mmoja, mfupi.
Akataja bei.
Mimi, mtu wa Kayole, niliyezoea kupatana
hata na muuza chumvi,
nikahesabu noti zote, nikampa.

Akazishika bila kuzikunja.
Akanitazama kwa shaka, karibu kwa hasira,
kama mtu aliyesomewa majibu yake
kabla ya kuitwa ndani.

"Hata huombi nipunguze?"